AL-FARABI: MWANACHUONI ALIYEPIMA NGUVU YA SAUTI

Kila aliyelelewa Pwani analijua jambo hili. Mtoto ana homa, usiku umeingia, dawa ameshanyweshwa lakini usingizi hauji. Mama humpakata na kuanza kumtumbuiza kwa sauti ya chini. Baada ya muda pumzi za mtoto hutulia na macho yakafumba. Homa haijatoka, lakini dhiki imepungua, na mwili uliopata usingizi huwa na nguvu ya kupambana na maradhi.

Siku ya tatu mama yuyo huyo huenda arusini. Hupigwa wimbo mmoja akacheka na wenziwe, ukafuata mwingine ukamkumbusha marehemu wake, machozi yakamtoka mbele za watu. Hakuna aliyempiga wala aliyemtukana. Sauti ni hewa tu iliyotikiswa. Vipi basi hewa hiyo iingie sikioni na itokee machoni?

Watu wengi hupita juu ya swali hili bila kusimama. Lakini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alitokea Mwislamu mmoja ambaye hakupita. Alilishika, akaligeuza huku na huku, kisha akaliandikia kitabu ambacho hadi leo ni nguzo ya elimu ya muziki. Mtu huyo ni Abu Nasr Muhammad al-Farabi, ambaye wanachuoni walimpa lakabu ya Mwalimu wa Pili, kwa maana kuwa wa kwanza ni Aristotle wa Uyunani.

MZALIWA WA FARAB

Al-Farabi alizaliwa karibu na mwaka 870, yapata mwaka 257 wa Hijria. Jina lake latokana na Farab, wilaya iliyokuwa kandokando ya mto Syr Darya, katika nchi ambayo leo huitwa Kazakhstan. Wako wasemao kuwa asili yake ni Mturuki, na wako wasemao kuwa ni Mwajemi. Ugomvi huo ni wa waliokuja baada yake. Yeye mwenyewe aliandika kwa Kiarabu, lugha ya elimu ya zama zake.

Ibn Abi Usaybia, tabibu aliyefariki mwaka 1270 na aliyeandika kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu, asimulia kuwa al-Farabi alikuwa kadhi hapo mwanzo, kisha akauacha ukadhi na kujitupa katika elimu. Iwapo ndivyo ilivyokuwa, basi aliacha kazi yenye heshima na riziki ya hakika, akaifuata njia ambayo mwisho wake hakuujua.

Njia hiyo ilimfikisha Baghdad, mji wa makhalifa wa Bani Abbas. Huko alisoma mantiki kwa Yuhanna bin Haylan, mwalimu wa Kikristo. Sarufi ya Kiarabu aliisoma kwa Ibn al-Sarraj, na inasimuliwa kuwa Ibn al-Sarraj naye alisoma mantiki kwa al-Farabi. Kila mmoja akawa mwalimu wa mwenziwe na mwanafunzi wa mwenziwe, wala hakuna aliyeona haya. Ndivyo ilivyokuwa elimu ya siku hizo, mtu aliitafuta popote alipoambiwa ipo.

Kuhusu utabibu, huyo huyo Ibn Abi Usaybia atueleza jambo la kuangaliwa vizuri. Asema al-Farabi aliijua misingi ya elimu ya tiba, lakini hakuifanya kuwa kazi yake. Hakupima mishipa ya wagonjwa wala hakuchanganya dawa. Hata hivyo aliandika kuwa roho ina uzima wake na ugonjwa wake kama vile mwili ulivyo na wake, na kwamba kama tabibu anavyoutibu mwili, ndivyo kiongozi wa watu anavyopaswa kuzijua na kuzitibu roho za raia wake. Ni vizuri msomaji alikumbuke neno hilo, maana ndani yake mna ufunguo wa yote tutakayoyaeleza.

KITABU KIKUBWA CHA MUZIKI

Katika Baghdad hiyo alikuwako mkubwa mmoja wa serikali, Abu Jaafar Muhammad bin al-Qasim al-Karkhi, aliyepata kuwa waziri katika zama za Khalifa al-Radi, aliyetawala kutoka mwaka 934 hadi 940. Kwa ajili ya waziri huyo al-Farabi aliandika kitabu alichokiita Kitab al-Musiqa al-Kabir, yaani Kitabu Kikubwa cha Muziki.

Al-Farabi hakuwa wa kwanza kuandika juu ya sauti. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu aliyemtangulia, alikwisha kuandika. Al-Kindi alizifunganisha nyuzi nne za udi na vile vitu vinne ambavyo matabibu wa zamani waliamini ndivyo vinavyouendesha mwili wa binadamu, navyo ni safura, damu, balghamu na sauda. Kila uzi aliupa kimoja cha vitu hivyo, na sauda ndiyo ambayo watu walidhani huleta majonzi. Kwa hesabu hiyo, anayepiga udi ni kama anayeugusa mwili wa msikilizaji wake kutoka mbali.

Mawazo hayo yanavutia, lakini al-Farabi alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Wayunani wafuasi wa Pythagoras walidai kuwa sayari na nyota zinapozunguka hutoa sauti tamu zilizopangika, na kwamba muziki wa binadamu ni mwigo wa muziki huo wa mbinguni. Al-Farabi aliandika wazi kuwa dai hilo ni batili. Kwake yeye elimu ya muziki haianzi mbinguni bali huanzia sikioni. Alieleza kuwa sauti hutokea kitu kinapogongwa na kitu, hewa iliyo baina yao ikasukumwa, na kwamba uzi hutoa sauti nyembamba au nene kwa kadiri ya urefu wake, unene wake na jinsi ulivyokazwa. Kisha alichukua ala moja baada ya nyingine, udi, tamburi ya Baghdad na ile ya Khurasani, rababu na zumari, akaeleza vidole hukaa wapi na kila mahali hutoa sauti gani. Haya hawezi kuyaandika mtu aliyekaa na karatasi peke yake. Lazima ala ilikuwa mkononi mwake.

Aliandika pia kuwa kazi ya mikono ilitangulia, na elimu ya vitabu ikafuata. Watu waliimba kwanza, ndipo wakaja wenye kutafuta kanuni za kuimba. Na kwa nini waliimba? Alijibu kuwa binadamu, kama wanyama wengine, ana maumbile ya kutoa sauti anapofurahi, anapoogopa na anapoumia. Tena aligundua kuwa sauti humpumzisha baada ya kazi, na humsahaulisha uchovu akiwa kazini. Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda Baghdad kupata ushahidi wa neno hilo. Mabaharia waliokuwa wakipandisha foromali ya jahazi kwa nyimbo, na akina mama waliotwanga kwa kupokezana nyimbo, wote walikuwa wakilithibitisha kila siku ya Mungu.

AINA TATU ZA NYIMBO

Baada ya hapo al-Farabi alizigawa nyimbo kwa mujibu wa kazi zifanyazo katika roho. Ziko zinazompa msikilizaji raha na mapumziko tu. Ziko zinazomletea picha na mawazo akilini, mfano wa mchoro anaoutazama. Na ziko zinazoigusa hali ya moyo wenyewe, zikaizidisha au zikaiondoa. Wimbo ulio kamili, kwa maoni yake, ni ule unaokusanya yote matatu, na hauwezi kupatikana ila kwa sauti ya binadamu yenye maneno ndani yake. Ala husaidia, lakini sauti ya mtu ndiyo yenye daraja ya juu.

Hizo zinazogusa moyo alizigawa tena. Ziko zinazoutia nguvu, zikaamsha ushujaa au hasira. Ziko zinazoulainisha, zikaleta huruma, huzuni au hofu. Na ziko zinazousawazisha, zikaurudisha katika utulivu.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Kwa mgao huo muziki hauwezi tena kuitwa mzuri au mbaya kwa jumla, kama vile dawa haiwezi kuitwa nzuri kwa kila mtu. Mtu aliyevunjika moyo akiongezewa wimbo wa kulainisha, huenda akazama zaidi. Mwenye hasira akipigiwa wimbo wa kutia nguvu, huenda akatoka nje na kisu. Mpigaji anapaswa kumjua anayempigia, na kuijua hali aliyo nayo saa hiyo. Tabibu naye hufanya nini zaidi ya hilo?

KICHEKO, KILIO NA USINGIZI

Mwaka 942 al-Farabi aliondoka Baghdad. Mji ule ulikuwa umeharibika. Khalifa mmoja alikuwa ameuawa mwaka 932, maamiri wa jeshi walikuwa wakinyang'anyana madaraka, na maisha yalikuwa ya wasiwasi. Mzee huyo, ambaye sasa umri wake ulikaribia miaka sabini na ushei, alielekea nchi ya Sham. Inasimuliwa kuwa huko Damascus alipata kuwa mlinzi wa bustani, na usiku alisoma na kuandika kwa mwanga wa taa ya mlinzi. Mwenye kuitwa Mwalimu wa Pili hakuwa na mafuta ya taa yake mwenyewe.

Baadaye alijulikana kwa Sayf al-Dawla, amiri wa ukoo wa Hamdan aliyeuteka mji wa Aleppo mwaka 944. Baraza la amiri huyo lilikuwa na washairi na wanachuoni kama ilivyo bahari na samaki. Mutanabbi, mshairi mkubwa wa Waarabu, alikuwa miongoni mwao. Ndipo kikazaliwa kile kisa ambacho hadi leo husimuliwa popote linapotajwa jina la al-Farabi. Aliyekihifadhi ni Ibn Khallikan, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, aliyefariki mwaka 1282.

Yasemekana al-Farabi aliingia barazani na mavazi yake ya Kituruki, hakuna aliyemjua, akaenda moja kwa moja hadi pahala pa amiri. Wanachuoni waliokuwapo wakajadiliana naye katika kila fani, na kila mmoja akanyamaza. Walipoondoka, amiri akaamrisha waje wapigaji wake hodari. Kila aliyepiga, al-Farabi alimwonyesha kosa lake. Amiri akastaajabu, akamwuliza kama na fani hiyo aijua. Mzee akafungua mkoba wake, akatoa vipande vya vijiti, akaviunganisha na kupiga, na wote waliokuwapo wakacheka. Akavifungua, akaviunga kwa namna nyingine na kupiga, wote wakalia. Akavibadilisha mara ya tatu, akapiga, na wote wakalala usingizi, hata bawabu mlangoni. Akawaacha wamelala, akaenda zake.

Ni kisa kitamu. Lakini msomaji asishangae akiambiwa kuwa Ibn Khallikan alikiandika kiasi cha miaka mia tatu baada ya al-Farabi kufa. Tena kisa kinachofanana nacho sana kimo katika risala ya muziki ya wale wanachuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa, walioandika katika karne ile ile ya kumi. Kwao, mgeni aliyewachekesha, akawaliza, kisha akawalaza watu ni mtu asiye na jina, aliyevaa nguo kuukuu. Yaonekana kisa kilikuwa kikitembea midomoni mwa watu, kikitafuta mwenyewe, mwisho kikampata al-Farabi.

Na kwa nini kimpate yeye na si mwingine? Jibu ni kile kitabu chake. Mwenye kukisoma atazikuta nyimbo zitiazo nguvu, zilainishazo na zituliazo, zimepangwa na kuelezwa. Wasimulizi walichukua mgao wa mwanachuoni wakaugeuza kuwa hadithi ya barazani. Hata ile sifa kuwa yeye ndiye aliyeibuni ganuni, ala tunayoijua sote katika taarabu, imo katika usimulizi huo huo wa Ibn Khallikan, na ni bora tuichukue kama heshima aliyopewa badala ya kuifanya hati ya ushahidi.

DIRHAMU NNE KWA SIKU

Sayf al-Dawla alikuwa mtu mkarimu, na washairi walioketi barazani kwake walitoka na mifuko mizito. Al-Farabi angeweza kupata alichotaka. Lakini waandishi wa maisha yake wanakubaliana kuwa hakuchukua zaidi ya dirhamu nne kwa siku, zikamtosha. Hakuwa na nyumba ya fahari wala hakujishughulisha na mapambo ya dunia. Ibn Khallikan ataja kuwa huko Damascus alipenda kukaa peke yake penye maji na miti, akaandika vitabu vyake hapo, na wanafunzi wake wakamfuata huko huko.

Hapana shaka wako watakaouliza, iwapo mtu huyu alijua kumchekesha na kumliza amtakaye, mbona hakuitumia nguvu hiyo kujipatia mali? Jibu limo katika mafundisho yake. Aliandika kuwa mchezo na burudani lengo lake ni mapumziko, na mapumziko lengo lake ni kumrudishia mtu nguvu za kufanya mambo ya maana, na mambo ya maana ndiyo yanayomfikisha kwenye saada, yaani furaha ya kweli. Aliwasikitikia watu wanaodhani kuwa mchezo wenyewe ndio mwisho wa safari. Hao ni kama msafiri aliyefika kwenye kivuli cha mti, akapumzika, kisha akasahau alikuwa akienda wapi.

Mnamo mwezi wa Rajab mwaka 339 wa Hijria, kati ya Disemba 950 na Januari 951, al-Farabi aliitika mwito wa Mola wake mjini Damascus, naye ni mzee wa kiasi cha miaka themanini. Sayf al-Dawla mwenyewe alimsalia pamoja na watu wachache wa karibu. Akazikwa nje ya mlango wa mji uitwao Bab al-Saghir.

KUTOKA KITABUNI HADI HOSPITALINI

Elimu yake haikuzikwa pamoja naye. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyezaliwa mwaka 980, alieleza kuwa alikisoma kitabu cha Aristotle cha Metafizika mara arubaini bila kukifahamu, hadi siku moja sokoni Bukhara aliponunua kwa dirhamu tatu kijitabu cha al-Farabi kilichomfungulia maana yake. Ibn Sina naye akaandika juu ya muziki katika kitabu chake cha Shifa.

Kuhusu wagonjwa, wale Ikhwan al-Safa tuliowataja waliandika kuwa matabibu walikuwa na wimbo maalumu uliotumika hospitalini wakati wa alfajiri ili kupunguza maumivu. Aliyepata kulala na maumivu anajua kwa nini ilichaguliwa alfajiri. Usiku wa mgonjwa ni mrefu, na saa za mwisho wake ndizo nzito kuliko zote.

Desturi hiyo iliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1488 Sultani Bayezid wa Pili wa Uturuki alifungua hospitali katika mji wa Edirne. Msafiri mashuhuri wa Kituruki, Evliya Celebi, aliyeishi karne ya kumi na saba, aliandika kuwa hospitali hiyo ilikuwa na waimbaji na wapigaji kumi waliowapigia wagonjwa mara tatu kwa wiki, na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo wenye maradhi ya akili. Katika nchi nyingi za Ulaya za wakati huo, wagonjwa wa namna hiyo walifungiwa kwa minyororo. Jengo la Edirne lingali limesimama, na sasa ni makumbusho.

Yako pia maneno yanayotembea ambayo yafaa kusahihishwa. Mara nyingi husemwa kuwa al-Farabi aliandika orodha ya makamu za muziki, hii ya maumivu ya kichwa na ile ya tumbo, hii ya asubuhi na ile ya jioni. Orodha kama hizo zilienea katika vitabu vya waliokuja baada yake, na zile makamu kumi na mbili zinazotajwa ndani yake zilipangwa na Safi al-Din al-Urmawi, aliyefariki mwaka 1294. Al-Farabi alitoa msingi. Dawa za kila ugonjwa ziliongezwa na wengine, na nyingine ziliongezwa kwa kubahatisha.

HALALI AU HARAMU?

Msomaji wa Pwani akifika hapa atakuwa na swali lake ulimini. Je, muziki wenyewe dini imeuruhusu? Swali hili si dogo, na kwetu limepata kuwatenganisha ndugu. Iko nyumba ambamo baba amekataza redio, na mwana anakwenda kuisikiliza kwa jirani. Wako wasiokubali zaidi ya tari na kasida, wako wanaokataa hata tari, na wako wanaoketi na udi na ganuni mpaka usiku wa manane.

Ukurasa huu hautoi fatwa, na aliye na shaka amwendee mwanachuoni anayemwamini. Tunaloweza kusema ni kuwa khitilafu hii ni kongwe. Wako maimamu waliokataza ala kwa jumla. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya yake kitabu kizima juu ya kusikiliza nyimbo, akachambua ni lini inafaa na ni lini haifai, akitazama wimbo unasema nini, anayeimba ni nani, anayesikiliza ana hali gani moyoni, na pahala penyewe ni pa namna gani. Nayo tilawa ya Qur'ani ina daraja yake peke yake, haichanganywi na mlango huu, ingawa kila Mwislamu anajua jinsi msomaji mwenye sauti njema anavyoutuliza moyo uliofadhaika.

Lenye kuzingatiwa ni kuwa anayekataza na anayeruhusu wote wawili wamekubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kuwa sauti ina nguvu. Hakuna anayeogopa kitu kisicho na nguvu. Anayekataza anaogopa madhara yake, na anayeruhusu anatumaini manufaa yake. Al-Farabi alisimama mahali ambapo wote wawili wanaweza kumsikia, maana kazi yake ilikuwa kueleza nguvu hiyo inatoka wapi na inampeleka mtu wapi.

KIPIMO CHA DAWA

Leo mashine za hospitali zinaweza kuhesabu mapigo ya moyo na kupima presha ya damu wakati mtu anasikiliza wimbo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 juu ya sanaa na afya, muziki ukiwa mmoja wa sanaa hizo. Tafiti zilizokusanywa na madaktari zimeonyesha kuwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa hupungukiwa na hofu akisikiliza muziki, na kuwa mwenye ugonjwa wa huzuni anaweza kusaidika muziki unapoongezwa juu ya matibabu yake ya kawaida.

Tutilie mkazo maneno hayo ya kuongezwa juu. Hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia mgonjwa aache vidonge akapigiwe udi, na al-Farabi, aliyekataa hata nyimbo za sayari kwa sababu hazina ushahidi, asingesema hivyo. Malaria haitoki kwa wimbo. Lakini mgonjwa si homa tupu. Ana hofu, ana upweke, ana usiku mrefu mbele yake, na hayo nayo yanataka dawa. Ni mara ngapi tumekwenda kumtazama mgonjwa na machungwa mkononi, tukaketi, tukazungumza mambo ya soko, tukaondoka, na yeye akabaki na ukuta?

Waswahili wamesema ngoma ikilia sana hupasuka. Methali hii twaitumia kwa mengi, lakini ni kama iliyotungwa kwa ajili ya somo la leo. Sauti ikizidi hugeuka maudhi, burudani ikizidi hugeuka uvivu, na wimbo wa huzuni ukirudiwa kutwa kucha kwa aliyefiwa huweza kumkalisha kitandani. Kijana wa leo mwenye vyombo vya kusikilizia masikioni tangu alfajiri hadi usingizini, naye hajui anachosikiliza kinamtia nguvu, kinamlainisha au kinamtuliza, ni kama mtu anayemeza kila kidonge anachokikuta kabatini.

Nchi ya Kazakhstan imeipa chuo kikuu chake kikubwa huko Almaty jina la al-Farabi, na sura yake ilichorwa katika noti za nchi hiyo. Yeye aliyetosheka na dirhamu nne amekuwa picha ya fedha. Lakini ukumbusho wake ulio bora zaidi umo majumbani mwetu, wala haugharimu kitu. Ni yule mama mwenye mtoto wa homa, ambaye hajapata kulisikia jina la al-Farabi, lakini akachagua sauti ya chini badala ya ya juu, wimbo wa polepole badala ya wa haraka, na alipoona mtoto amelala akanyamaza. Alikijua kipimo.

Mwenyezi Mungu amrehemu mwanachuoni huyu, na awaponye wagonjwa wetu.